Tyuna iliyochokonolewa

Rashidi: Wakubwa shikamooni. Ile tyuna ya redio ya zamani aliyotuachia shangazi inasumbua, ukiiweka stesheni inakaa kidogo halafu inahama yenyewe, taa ya stereo inawaka inazima, inavuma, na mtangazaji akifika kwenye herufi s sauti inakwaruza. Nimefungua mfuniko, kumbe kuna mtu alishapita humu ndani kabla yangu 😩

Mjomba Saidi: Marahaba. Umechomoa umeme?

Rashidi: Nimechomoa

Mjomba Saidi: Haitoshi, zile kapasita kubwa za pawa zinabaki na chaji. Pima na mita mpaka ikaribie sifuri ndo uguse. Halafu piga picha bodi juu na chini utume

Mwanaidi: Si umpelekee fundi tu jamani

Rashidi: Dada, fundi ndo katufikisha hapa 😂

Rashidi: 📷 📷

Mjomba Saidi: Loo. Hiyo fyuzi imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara?? Toa sasa hivi, weka fyuzi ya ampea zilizoandikwa pale pale kwenye bodi. Hilo lingewachomea nyumba

Mwanaidi: Nilisema mimi 🙄

Rashidi: Sawa. Sa mjomba hizi koili zenye vichwa vya rangi nizizungushe kidogo nione kama stesheni itatulia?

Mjomba Saidi: WEE acha! Hizo ndo za mwisho kabisa. Ukizungusha bila jenereta ya mawimbi, ile mashine ya kutoa wimbi la kupimia, hutajua njia ya kurudi, na ule moyo wa feraiti wa ndani ya koili ukipasuka umekwisha. Kwanza ondoa aliyoyafanya mwenzio moja moja, kila ukiondoa moja unasikiliza. Hitilafu ya redio yenyewe utaijua baadaye, huenda hata haipo. Pima volti baada ya regyuleta, ile sehemu inayotuliza volti, mchoro unasema 12

Rashidi: Inasoma 17

Mjomba Saidi: Angalia zena, ile dayodi ndogo inayoshikilia volti, pembeni ya transista ya regyuleta, mguu wake uko mzima?

Rashidi: Umekatwa! Kabisa kwa koleo, inaonekana

Mjomba Saidi: Basi alidhani akiongeza volti itashika stesheni za mbali, mawazo ya ajabu. Bila zena ile transista hailindi kitu, volti zinapanda na kushuka na umeme wa ukutani, na mvumo wote unapita. Oseleta, ile sakiti inayotengeneza wimbi la kuchagulia stesheni, ikipata volti zinazocheza lazima stesheni ihame. Weka zena mpya ya thamani iliyo kwenye mchoro

Bi Zuhura: Mnaongea lugha gani humu, niliingia kuuliza nani ana funguo za geti

Mwanaidi: Ninazo mimi mama

Rashidi: Mjomba nimeweka, inasoma 12.1. Stesheni imetulia na mvumo umepotea. Ila s bado inakwaruza na taa bado inapepesa

Mjomba Saidi: Safi. Sasa tafuta vifilta vya kuchuja wimbi, vya miguu mitatu, vina nukta ya rangi kichwani. Rangi gani?

Rashidi: Kimoja nyekundu, kingine bluu, na cha bluu kimelehemiwa vibaya

Mjomba Saidi: Hapo hapo. Nyekundu ni 10.70 MHz, bluu ni 10.67. Kimoja kinavuta huku kingine kule, wimbi linapita limepinda ndo maana s inachanika. Toa bluu weka nyekundu

Rashidi: Nimepata nyekundu kwenye redio mbovu ya stoo. Aisee s zimekuwa safi 🙌 taa ndo bado inazima zima

Mjomba Saidi: Basi ni dikoda, ile sehemu inayotenganisha sauti ya kushoto na ya kulia. Ile oseleta yake inazunguka 76 kHz, ikigawanywa kwa nne inatoa 19, ambayo ndo ishara ya stereo inayotumwa na kituo. Naona kwenye picha kile kirizista cha kurekebisha kimezungushwa mpaka mwisho. Hama kwenye stesheni, nenda mahali patupu, pima pini ya majaribio na ile mita yako inayopima masafa, zungusha taratibu mpaka isome 19

Rashidi: Ilikuwa 20.3 😳 sasa 19.0, taa imeganda

Mjomba Saidi: Tia tone la rangi ya kucha juu ya hicho kirizista kisihame. Na zile koili umeziacha?

Rashidi: Sijazigusa mjomba

Mwanaidi: Rangi ya kucha yangu usiguse