UZI WA MALALAMIKO: Kampuni ya kampa (gari la kusafiria na kulala) Las Vegas imetukodisha kimeo jangwani Desemba, sasa imeng'ang'ania dhamana yetu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza ili nionekane mstaarabu. Jina la kampuni silitaji kwa sasa kwa sababu shauri bado linaendelea, nitaeleza huko chini. Uzi ni mrefu, asiyetaka kusoma apite tu.

Kabla hamjaanza na "nani alikutuma jangwani wakati wa baridi", hilo nilimalize mapema. Wakati wa baridi ndio msimu wenyewe. Death Valley, hifadhi ya taifa ya jangwani California, pale Furnace Creek, ndiko ilikoandikwa rekodi ya nyuzi 56.7 za Selsiasi, Julai 1913. Mwenye akili timamu hapigi kambi pale Julai. Desemba mchana unapata nyuzi 18 hivi, jua safi, unatembea na fulana. Ndiyo maana wastaafu wa Marekani na Kanada wanashuka na kampa zao kila mwaka, wanajaa Arizona na kusini mwa California hadi Aprili. Usiku ndiyo habari nyingine. Hewa ni kavu na mawingu hakuna, kwa hiyo jua likizama joto lote linaondoka nalo, na ukiwa kwenye mwinuko maji yanaganda. Kampuni inayokodisha kampa Las Vegas inalijua hili kuliko mimi na wewe. Ndiyo kazi inayowalisha.

Tuanze na gari lenyewe.

Nilikodi kampa ya futi 24, na urefu huo sikuuokota barabarani. Ndani ya Death Valley kuna barabara mbili, Artist's Drive na ile ya kupanda Dante's View, ambazo gari linalozidi futi 25 haliruhusiwi kuingia. Joshua Tree nako, hifadhi ya pili tuliyopanga kulala, kambi za Hidden Valley na White Tank zina kikomo hicho hicho, na kwenye kambi nyingine kila kiwanja kimeandikwa urefu wake wakati unalipia. Safari nzima niliipanga kwa kufuata futi hizo. Tunafika kuchukua gari, mimi, mama watoto, watoto, na shemeji yangu aliyetoka Dar kuja kula sikukuu na sisi, kijana wa kaunta anatuchekea: "Hongereni, tumewapandisha daraja bure!" Wametutolea dubwana la futi 30.

Nikamwambia sitaki kupandishwa, nataka nililolipia. Akasema halipo, aliyekuwa nalo amechelewa kurudisha. Ama nichukue hili, ama wafute mkataba na fedha zangu zirudi "ndani ya siku kumi za kazi". Wiki ya Krismasi, Las Vegas, familia imekalia mabegi. Mtu akikuwekea chaguo la namna hiyo amekukaba koo, asijidai amekupa ofa.

Na bure yenyewe sasa. Injini ya silinda kumi, kilomita tatu na ushee kwa lita moja ya petroli, na petroli ya ndani ya hifadhi bei yake si ya mjini. Dante's View hatukupanda. Shemeji alikuwa ameitunza picha ya pale kwenye simu tangu Dar: unasimama mita 1,669 juu, unaitazama Badwater chini yako, mahali palipo mita 86 chini ya usawa wa bahari. Tukaishia kumwonyesha bango la kukataza magari marefu. Artist's Drive vivyo hivyo, tuliona milima ya rangi kwa mbali kama watu waliofukuzwa harusini.

Hifadhi zenyewe sina ugomvi nazo, niseme ukweli. Dola 30 kwa gari zima, siku saba, iwe Death Valley au Joshua Tree. Vyoo visafi, askari wanakusikiliza. Kuna waliopiga kelele kuhusu ile tozo mpya ya Januari 2026, dola 100 za ziada kwa kila mgeni asiye mkazi kwenye hifadhi 11 zikiwemo Zion na Grand Canyon. Shemeji angeangukia humo kama tungechelewa na tukaenda huko. Lakini hilo mimi silalamikii, Serengeti nasi tunamtoza mgeni mara nyingi ya mwenyeji na tunalala usingizi.

Sasa njooni kwenye hita, maana hapo ndipo nilipopigwa hasa.

Siku za Furnace Creek hatukugundua kitu. Kambi ile iko chini ya usawa wa bahari, usiku wake Desemba ni wa kuvumilika, na jenereta unaruhusiwa kuwasha kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku. Betri ikawa inashindiliwa chaji kutwa, hita inaguswa kidogo tu. Kimeo kikajificha.

Tukatoka, tukapitia Baker. Kuna kipimajoto pale kirefu kuliko minara ya simu ya kwetu, futi 134, kwa heshima ya ile rekodi ya 1913 ambayo kwa Fahrenheit ni 134. Mji mzima unajisifia joto. Shemeji akapiga picha akiwa na koti la mama watoto, kofia ya mtoto na khanga shingoni. Tukakata jangwa la Mojave hadi Twentynine Palms, tukapanda Joshua Tree, kambi ya Jumbo Rocks.

Kiwanja nilicholipia gari halikuingia, bila shaka. Askari mmoja mama akatuhurumia akatutafutia kingine. Jumbo Rocks iko mita 1,300 na zaidi juu ya bahari. Umeme wa kuchomeka hakuna, maji hakuna, mtandao wa simu hakuna. Jenereta inaruhusiwa kwa vipande: saa 1 hadi 3 asubuhi, saa 6 hadi 8 mchana, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Baada ya hapo ni kimya. Sheria nzuri tu, watu wanakuja kutazama nyota, hawaji kusikiliza mashine yako.

Kwa wasiojua hita ya kampa: inachoma gesi ya propani, lakini feni na saketi yake vinaendeshwa na betri ya sehemu ya kuishi, si ile ya injini, volti 12. Ndani kuna swichi ndogo yenye bapa linalosukumwa na upepo wa feni. Feni isipozunguka kwa kasi inayotakiwa, bapa halisogei, gesi haiwaki. Ni kwa usalama. Maana yake betri ikichoka, tangi la gesi linaweza kuwa limejaa pomoni na bado ukalala kwenye baridi. Betri nzima haisumbui. Feni inakula ampea 7 au 8, inawaka na kuzima, inakufikisha asubuhi.

Yetu ilifika saa 8 usiku. Niliamshwa na mlio, "pii", kimya, "pii". King'ora cha kugundua gesi kile kwenye ukuta karibu na sakafu, kinalia umeme ukishuka. Nikaweka mkono kwenye tundu la hita. Feni inazunguka kivivu, inatupulizia hewa ya baridi usoni. Yaani hita imegeuka kiyoyozi! Watoto tukawarundika kitanda kimoja na sisi katikati yao. Shemeji amevaa soksi mikononi, ananiuliza, "Shem, hii ndiyo Marekani mnayotusimulia?" Sikuwa na jibu. Ile pii ikaendelea hadi kunakucha.

Asubuhi bomba la jikoni halitoi tone. Pampu inanguruma, maji hayaji. Kwenye gari lile joto la hita ndilo linalopita pia chini kwenye tangi na mabomba, kwa hiyo hita ikifa, mabomba nayo hayana mlinzi. Kufika saa 5 jua limekolea, barafu imeyeyuka, tunaanza kusikia ti, ti, ti chini ya sinki. Kiungo cha plastiki cha paipu inayokwenda kwenye bomba la kuogea la nje kimepasuka. Kabati zima limelowa, unga wetu wa ugali umo humo.

Jirani yetu wa kambi, mzee wa Kikanada mwenye kampa iliyong'aa kuliko nyumba yangu, akaja na kipimo cha umeme. Jenereta ilikuwa imetoka kuchaji ile zamu ya asubuhi yote, tumeizima zaidi ya saa mbili. Betri ya namna ile ikijaa inasoma volti 12.6 na zaidi. Yetu ilisoma 11.7. Vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani na mweupe hadi nyaya hazionekani vizuri. Mzee akatikisa kichwa akasema hii betri ilikufa kabla hamjazaliwa ninyi. Nimepiga picha kipimo, vichwa, kiungo, vyote.

Tukashuka Twentynine Palms kutafuta mtandao. Huduma kwa wateja ya "saa 24" ilitupigia muziki hadi simu ikaanza kuomba chaji. Alipopatikana mtu, cha kwanza akaniambia haiwezekani maji yameganda kwa sababu kwenye kompyuta yake Twentynine Palms usiku ule ilikuwa nyuzi 3. Nikamwambia dada yangu, huo ni mji, uko bondeni mita 600, sisi tumelala mita 700 juu yake. Akakaa kimya. Halafu akanipa suluhisho: "Washeni jenereta usiku kucha." Nikamsomea sheria ya hifadhi. Akasema wateja wengi hufanya hivyo. Kampuni yenye leseni inamwambia mteja avunje sheria ya hifadhi ya taifa, na jenereta yenyewe wanaitoza kwa saa! Fundi? Sikukuu, hakuna fundi. Moteli tukalipa wenyewe, safari ikaishia hapo.

Kurudisha gari ndiyo nikaujua mchezo wote. Kijana alipita na tochi ya simu moja kwa moja hadi chini ya sinki, kana kwamba ameelekezwa. Dhamana ya dola 1,000 wameishika yote: kiungo, kabati, "usafi maalumu", na saa za jenereta juu yake. Nikamwonyesha picha za betri. Akanifungulia mkataba ukurasa wa mwisho kabisa, maandishi ya sisimizi: uharibifu wowote wa maji kuganda ni juu ya mteja. Mkataba wa kina Mangungo, nakwambieni. Na ukurasa huo huo una kifungu kingine, kwamba miezi ya joto ni marufuku kuingiza gari Death Valley, ukiingia bima inakufa. Joto likiharibu gari, mteja. Baridi ikiharibu, mteja. Sasa wao wanachokodisha ni nini, na kwa miezi ipi? Tovuti yao ukurasa wa mbele kuna picha ya kampa chini ya mti wa joshua, machweo, familia imevaa vikaptula, na maneno "furahia majira ya baridi jangwani".

Nilipowaandikia barua pepe wakajibu kwamba mteja makini angemwaga maji yote kwenye mabomba kabla ya kulala. Yaani nikodi gari lenye choo, bafu na jiko, halafu nitembee na ndoo. Na mabomba yanamwagwa wakati hita haipo. Hita ilikuwepo kwenye orodha ya vitu nilivyolipia, imewekewa alama ya vema na saini ya mtu wao: "betri imekaguliwa". Tangu hapo napigwa danadana, huyu ananipeleka kwa meneja, meneja ananirudisha kwa watu wa madai, watu wa madai wanasema picha hazifunguki.

Nimeshapinga malipo kupitia benki ya kadi yangu. Mlioko huku Marekani msilale, muda wa kisheria wa kupinga kwa maandishi ni siku 60 tangu taarifa ya kadi itoke, na wao wanakupiga danadana wakijua hilo. Benki wakinitupa, naenda mahakama ya madai madogo Nevada, ambayo inapokea shauri hadi dola 10,000, na wakili si lazima.

Hapo ndipo nahitaji wenye uzoefu. Mimi siishi Nevada. Kuna mdau aliyewahi kufungua dai dogo Las Vegas akiwa jimbo jingine? Walikukubalia kusikilizwa kwa video au ulilazimika kusafiri? Na maelezo ya yule mzee wa Kikanada, ambaye yuko tayari kuandika na kusaini alichokipima, yanahitaji kuthibitishwa na ofisa wa viapo huko kwao au saini tupu inatosha? Wanaokuja kunieleza ningelala hoteli toka mwanzo, uzi wenu uko mlango wa pili.