Naomba ushauri: namba ya injini ya Jaguar E-Type 1966 inanitia shaka

Wakuu, naombeni msaada kabla hela haijatoka. Gari ni E-Type ya lita 4.2, muuzaji anasema injini ni ileile ya kiwandani. Kibati cha utambulisho wa gari kina namba inayoanza na 7E na kuishia na 9, yaani mgandamizo wa 9:1. Hapo sawa. Namba hiyohiyo iko mbele ya silinda hedi, na kwenye bloku juu ya filta ya oili.

Tatizo ni hapo kwenye bloku. Ukifuta grisi na kumulika tochi kwa ubavu, unaona mikwaruzo ya duara kama ya diski ya kusagia. Tarakimu 7 imezama kuliko wenzake, na mstari unapanda kulia.

Kibati hakinitoshi, hata kipya hugongwa namba yoyote. Cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za kiwanda, nitaagiza, ila kinataja namba iliyoandikwa kwenye daftari la kiwanda. Hakisemi kama bloku hii imegongwa upya. Na bloku ya XJ6, Jaguar nyingine iliyokuja baadaye, inaingia humo bila shida.

Nimewaza kupima studi za hedi (boliti zinazoshika silinda hedi kwenye bloku): za 1966 ni fupi, zile ndefu zinazoshuka hadi chini ya bloku zilikuja baadaye. Lakini studi yenye kutu ukiilazimisha inakatikia ndani, na gari bado si langu. Kuna namna ya kutambua bila kung'oa kitu? Na mikwaruzo ile, kuna aliyewahi kuiona kwenye bloku ambayo haijaguswa?