Tupeane uzoefu: mliohama Zanzibar kwenda nje, wapi mlikwama?

Mtoto wa Wete
Asalaam aleikum. Jana usiku nimemsindikiza mdogo wangu uwanja wa ndege, anakwenda Muscat kwa kazi. Mama kamtilia begini achari ya embe na pilipili ya kusaga. Nilipomuona anazitoa karatasi zake na kuzihesabu upya, nikakumbuka yangu ya 2016. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamadi, vyeti vya skuli vinasema Hamad. Ile "i" moja ilinichukua miezi mitatu. Wenzangu, nyinyi mlikwama wapi? Tuseme, wanaojiandaa wajue.

Bint Makunduchi
Majina! Mie Fatma, Fatuma na Fatima, mtu huyu huyu mmoja.

Mama Nuru
Nyinyi afadhali mna vyeti. Mie nimezaliwa nyumbani Micheweni, mkunga bibi yangu, na hakuna aliyekwenda kuniandikisha. Nikaolewa na mume aliyeko Uingereza, nikatakiwa cheti. Nikaanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akanipa barua. Huko mbele wakataka shahidi aliyekuwepo nilipozaliwa. Bibi keshafariki. Aliyebaki ni jirani yake, mtu mzima, macho hayaoni tena. Tukampakia gari ya shamba mpaka ofisini, nimemshika mkono. Afisa akamuuliza, "Unajuaje kama ndiye huyu?" Bibi wa watu akanishika sikio, akapapasa kovu nyuma yake. "Hapa aliungua na uji ana miezi minane. Asali nilimpaka mie." Nililia mle ofisini mbele za watu.

Cheti nikapata. Tena boti mpaka Dar kupimwa kifua kikuu, maana anayetoka Tanzania kwenda kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 lazima apime, na majibu yake yanadumu miezi 6 tu. Mie nilipima kwa pupa, karatasi nyengine zikachelewa, nikarudi kupima upya na kulipa upya. Kipimo kiacheni mpaka mengine yakamilike.

Kijana wa Darajani
Hapo pa kovu pamenishika, dada.

Bint Makunduchi
Jamani watoto wetu tuwape majina mafupi. Ali, nani atalikosea?

Mtoto wa Wete
Wapo wanaoandika Aly, ukhti.

Abuu Sabra
Karatasi ni taabu, lakini kuibiwa ndiko kunakoua. Hili sijawahi kulisema. 2017 mtu mmoja mjini aliniahidi viza ya udereva Oman. Baba akauza karafuu za msimu akanipa milioni 4.2. Kwa bei ya daraja la kwanza ya wakati ule, 14,000 kilo, hizo ni kilo 300. Kilo 300 kavu! Mnaozichuma na kuzianika mnajua ni siku ngapi hizo za kupanda mti, na majamvi mangapi ya kukimbizia ndani mvua ikigusa.

Nikapewa karatasi ina mhuri na picha yangu. Nikasomewa dua Chake, watu wamejaa barazani. Dar, kwenye kaunta ya ndege, binti akaingiza namba. Akaingiza tena. Akamwita mkubwa wake. "Kaka, viza hii haipo." Nikakaa nje na begi langu mpaka alfajiri. Simu ya yule mtu haipatikani hadi leo. Pemba sikurudi mwaka mzima, nilibeba mizigo Kariakoo kwa kuogopa uso wa baba. Akanifuata mwenyewe. Alisema tu, "Mikarafuu ipo. Twende nyumbani."

Bint Makunduchi
Ya Rabbi. Hukushitaki?

Abuu Sabra
Kwa risiti ipi? Nilimpa mkononi, tumetoka kuswali pamoja.

Mkaazi wa Ruwi
Pole sana ndugu yangu. Viza ya Oman inakaguliwa bure kwenye tovuti ya polisi wa Oman, unaweka namba ya maombi na ya paspoti. Ifanyeni kabla ya kutoa hata shilingi. Jengine, paspoti yako usimpe kafili, yaani mwajiri anayekudhamini huku. Na tangu Januari 2021 barua yake ya ruhusa haihitajiki tena, mkataba ukimalizika unahamia kwa mwajiri mwengine.

Ukhti wa Bububu
Wewe unasema hayo kwa sababu uko dukani. Mie nilikuwa kazi za ndani Seeb, huko huko Oman. Paspoti walinichukulia usiku ule ule nilioshuka. Ningekataa ningelala wapi? Na ile sheria ya kazi ya Oman ya 2023 haiwagusi wa majumbani. Msiwape watu moyo wa uongo.

Mkaazi wa Ruwi
Nimesema ninayoyajua, ukhti.

Ukhti wa Bububu
Na mie nasema niliyolala nayo miaka miwili. Dada zangu, nakala ya paspoti na ya mkataba ziacheni kwa mama, na namba ya ubalozi muihifadhi kichwani, maana simu nayo huchukuliwa.

Mama Nuru
Nyote mna haki. Abuu Sabra, mzee yuhai?

Abuu Sabra
Yuhai, alhamdulillah. Yuko shamba.

Kijana wa Darajani
Kaka, nimesoma yako mara tatu. Kuna mtu anataka laki nane yangu kesho asubuhi, ya viza. Karatasi kanionesha, ina mhuri.

Abuu Sabra
Usimpe. Namba ya viza unayo? Nitumie usiku huu huu.