Nina siku 5 Fujian baada ya maonyesho ya Guangzhou, nianzie wapi?

MtuWaChumbageni
Habari za saa hizi wakuu. Mwezi wa 10 naenda Guangzhou kwenye maonyesho, na safari hii nakwenda na mama watoto. Nikimaliza kazi tutakuwa na siku 5. Guangzhou nimeichoka, nataka nimpeleke Fujian, jimbo la jirani, pwani. Sasa nikifungua ramani naona Xiamen, Quanzhou, Fuzhou, milima ya Wuyi, yale majumba ya kale ya udongo ya duara... vyote vitaenea? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho kinanipa mawazo. Natanguliza shukrani.

BahariaMstaafu
Mkuu, haviwezi kuenea. Fujian ni milima mitupu, miji mikubwa imebanana ukingoni mwa bahari. Wuyi iko kaskazini kabisa, mpakani na Jiangxi, iache. Fuzhou ndiyo makao makuu, lakini kwa siku 5 hata ukiiruka hujakosa kitu. Lala Xiamen mara 2, Quanzhou mara 2, siku inayobaki ni ya njiani. Kutoka Guangzhou unapanda treni ya mwendokasi. Ukishuka Xiamen Kaskazini usishangae kutoiona bahari: stesheni iko bara, mji wenyewe uko kisiwani na mnaingia kwa metro laini namba 1. Xiamen kwenda Quanzhou ni kama nusu saa, maana tangu Septemba 2023 kuna reli mpya ya kilomita 350 kwa saa.

Hali ya hewa umepatia. Vimbunga vya Julai hadi Septemba vitakuwa vimepungua, na sikukuu yao ya taifa ya wiki ya kwanza ya Oktoba itakuwa imepita.

DadaWaMagomeni
Shemeji atapenda Gulangyu. Ni kisiwa kidogo mbele ya Xiamen, hakuna magari, ni kutembea tu kati ya majumba ya zamani ya mabalozi na matajiri. UNESCO walikiorodhesha 2017. Boti ya watalii mchana inatokea gati la Dongdu, lile la katikati ya mji ni la wenyeji. Kateni tiketi mapema na mshike pasipoti zenyewe, kopi hawaitaki.

Msafiri_wa_Pwani
Mimi ningegeuza: Xiamen usiku 1, Quanzhou 3. Xiamen ni pazuri kwa picha, ila Quanzhou ndiyo ile bandari ya kale ambayo Waarabu waliiita Zaitun. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na baadaye huko akakuta bandari iliyomwacha mdomo wazi.

Anzeni na msikiti wa Qingjing, wa mwaka 1009. Ukumbi wa zamani wa sala hauna paa kwa karne nyingi sasa. Unasimama ndani, mbingu juu yako, aya zimechongwa kwenye mawe ya ukutani. Halafu nendeni makaburi ya Kiislamu ya Lingshan. Kuna jiwe la kumbukumbu ya Zheng He aliyepita hapo 1417 kabla ya safari yake ya tano. Ndiye yule amiri wa majini, Mwislamu wa Yunnan, ambaye merikebu zake zilifika hadi Malindi. Na ndani ya uwanja wa hekalu la Kaiyuan kuna jahazi la enzi za ufalme wa Song lililofukuliwa 1974, likiwa na shehena ya ubani na pilipili manga.

Chakula: tafuta kibao chenye maandishi 清真 (yaani halali), mara nyingi ni cha kijani. Migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo kwa kawaida ni ya Waislamu, ipo kila mji. Kile chapati cha chaza na mayai mtakachokiona kila kona, ulizeni kwanza, wengi wanakaangia mafuta ya nguruwe.

MzigoUmefika
Quanzhou umeshafika, Jinjiang ya viatu iko hapo hapo pembeni. Kwa nini usichungulie viwanda?

MtuWaChumbageni
Mkuu, nikitaja viatu tena nitarudi Tanga peke yangu 😂 Nimeelewa, Quanzhou usiku 3. Na yale majumba ya duara?

BahariaMstaafu
Kutoka Xiamen ni siku nzima kwenda na kurudi, itakula usiku wako mmoja wa Quanzhou. Ukiamua kwenda, stesheni inaitwa Nanjing ila si ule mji mkubwa wa Jiangsu, hakikisha tiketi imeandikwa 南靖. Na unganisha kadi ya benki na Alipay, ile app ya malipo ya Wachina, kabla hujaondoka Bongo. WhatsApp kule imefungwa, laini yako ya nyumbani ikiwa na rominga ndiyo itakayokuokoa.