Mume wangu anatetemeka mikono na halali baada ya kupandikizwa ini, ni hizi dawa?

mama_T: Habari zenu wadau, naombeni mawazo. Mume wangu kapandikizwa ini, hajatimiza hata mwezi, madaktari wanasema ini linafanya kazi vizuri ila mikono inatetemeka mpaka vifungo vya shati namfunga mimi, na usiku halali kabisa. Anatumia dawa za kuzuia mwili usilikatae ini: takrolimasi asubuhi na jioni, prednisoloni na maikofenoleti. Juzi kaongezewa flukonazo ya fangasi za mdomoni na tangu hapo naona kutetemeka kumezidi. Sasa anataka aache takrolimasi kwanza aone kama atapata nafuu, mimi naogopa. Kuna aliyepitia hii?

msafiri77: Pole sana dada. Asiache, hata dozi moja asiruke kwa kujiamulia, mwili ukianza kulikataa ini huwa haupigi hodi, unaweza usione dalili yoyote mpaka vipimo vya damu vibadilike. Kutetemeka kwa takrolimasi ni kawaida sana wiki za mwanzo maana ndo dozi inakuwa juu, mimi mwandiko ulikuwa hausomeki, kalamu inaruka tu kwenye karatasi. Walivyoshusha dozi kidogo kidogo ikapungua, baadaye wakanihamishia ile ya kumeza mara moja kwa siku ndo ikatulia zaidi.

mfamasia_zamu: Hiyo flukonazo ndo ya kuangalia haraka. Takrolimasi inavunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini na utumbo, flukonazo inavizuia, kwa hiyo dawa inajaa kwenye damu wakati mgonjwa anameza vidonge vilevile. Antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini hivyohivyo, balungi pia, na hata kuharisha kunaweza kuipandisha. Rifampisini ya TB na fenitoini ya kifafa ni kinyume, zinaishusha mpaka ini linabaki bila ulinzi. Piga simu kliniki leo, waambie flukonazo kaanza lini, apimwe kiwango cha takrolimasi, magnesiamu, sodiamu, figo na presha. Magnesiamu ikiwa chini mishipa ya fahamu inasumbuka zaidi, na takrolimasi yenyewe ndo inaimwaga kwenye mkojo. Siku ya kipimo asimeze dozi ya asubuhi, aende nayo, ameze akishatolewa damu, kipimo kinatakiwa kama masaa 12 baada ya dozi ya jioni. Akimeza kwanza majibu yanakuja juu kuliko hali halisi, mtu anashushiwa dozi bila sababu. Usingizi hapo prednisoloni nayo inachangia, kama ni mara moja kwa siku aimeze asubuhi.

mama_T: Asanteni sana. Ila usiku wa kuamkia leo kaniuliza mara mbili hapa tuko wapi, na asubuhi kasema anaona ukungu na kichwa kinauma sana. Nilijua ni kukosa usingizi tu.

mfamasia_zamu: Dada hapo simu haitoshi, mpeleke hospitali sasa hivi. Kuchanganyikiwa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au kifafa, hasa presha ikiwa juu, inaweza kuwa ubongo umevimba sehemu ya nyuma kwa sababu ya hizi dawa. MRI, kile kipimo cha picha ya ubongo, huwa inaonyesha, na ikiwahiwa, presha ikashushwa na dawa ikapunguzwa au kubadilishwa, wengi wanarudi sawa. Inatokea hata kiwango kwenye damu kikiwa sawa, kwa hiyo msikubali kurudishwa nyumbani kwa jibu hilo peke yake. Wataangalia pia maambukizi, sukari na ini lenyewe, maana si kila kuchanganyikiwa kunatokana na dawa. Beba dawa zake zote, na daktari wa zamu aongee na timu ya upandikizaji kabla hajabadili chochote.

dada_mkubwa: Mdogo wangu ilimpata hiyohiyo mpaka akaanguka kifafa. Walimtoa takrolimasi wakampa saiklosporini, na kifafa wakakituliza kwa levetirasetamu maana haigombani na dawa za kulinda ini kama inavyofanya fenitoini. Akili zilirudi, kumbukumbu ndo ilichelewa kidogo, alikuwa anauliza kitu kilekile na sisi tunamjibu tu bila kumkasirikia. Mama T, njiani kaa naye kiti cha nyuma, na asiendeshe gari hata akikuambia yuko sawa. Tupe taarifa mkishafika.