Naomba ushauri: shokapu za umeme zinasumbua, mita inasema koili ni nzima

Wakuu habari za jioni. Nipo Buswelu, Mwanza. Gari langu lina shokapu za umeme, zile zinazojilegeza na kujikaza kwa kompyuta. Kwenye lami mambo safi. Nikiingia barabara ya vumbi yenye mashimo, taa ya onyo inawaka na gari linakuwa gumu kama mkokoteni. Nikizima na kuwasha, linatulia.

Skana (kile kifaa cha kusoma makosa ya gari) inaandika mzunguko wa umeme umekatika, shokapu ya mbele kushoto. Fundi anataka tuagize shokapu mpya. Kwa bei aliyotaja (na ni ya mtumba!) sijashawishika. Nimepima koili (ule waya uliozungushwa ndani ya shokapu): kushoto omu 2.3, kulia 2.2. Ila hapo gari limesimama. Soketi ina kutu ya kijani kwenye pini moja, na pale waya unapojikunja karibu na tairi, ganda limekakamaa.

Je, nipime waya mpaka kwenye kompyuta huku mtu anautikisa, au nibadili soketi kwanza? Kuna aliyewahi kuunga nyaya ndefu, akachomeka soketi ya kushoto kwenye shokapu ya kulia aone kama kosa linahama? Naogopa kuunguza kompyuta. Na kama mnamjua fundi umeme wa magari aliye makini huku Kanda ya Ziwa, nielekezeni.