Kalavati la "mafuriko ya miaka 50": tunadanganywa mchana kweupe!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nakaa Kigogo bondeni, Dar es Salaam, Mto Msimbazi unapita nyuma ya choo changu. Ukutani sebuleni nina alama tatu za mkaa, pale maji ya mafuriko yalipofika: Desemba 2011, Aprili 2014, Aprili 2018. Ile ya 2011 inanifika kifuani.

Juzi tumeitwa kwa mwenyekiti, wataalamu wanataka kutujengea kalavati. Akasimama bwana mmoja na kishikwambi chake: "Msihofu, tumelipima kwa mafuriko ya miaka 50." Makofi! Mama jirani akaninong'oneza, basi sisi tumesalimika, hayo watayaona wajukuu.

Hapo ndipo nilipopandwa na jazba. Miaka 50 si ratiba ya treni! Maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2 maji kufika kiwango hicho au kukipita. Yakija mwaka huu, mwakani ni asilimia 2 ileile, mto hauweki daftari la zamu. Kaa na kalavati hilo miaka 30, uwezekano wa kuzidiwa walau mara moja ni asilimia 45. Karibu sawa na kurusha shilingi. Mbona hilo hawakulisema?

Nikauliza: mna vipimo vya miaka mingapi? Akajikuna kisogo. Kumi na miwili.

Kumi na miwili, wakuu! Wanachukua mtiririko mkubwa kuliko yote wa kila mwaka, wanaipanga kuanzia mkubwa, wanapitisha mstari wa Gumbel, kanuni ya takwimu ya kukadiria mafuriko makubwa yasiyotokea mara kwa mara. Kwa miaka 12, ule wa kwanza kwenye orodha unahesabiwa kuwa mafuriko ya miaka 13 tu. Kutoka hapo hadi 50 ni mstari uliovutwa gizani. Sina ugomvi na Gumbel, ila tuambieni basi makadirio yanaweza kupotea kwa kiasi gani juu na chini. Tukapewa namba moja, kavu.

Na hesabu yenyewe inadhani mto ni uleule. Huko juu, Pugu kushuka Gongo la Mboto hadi Vingunguti, vichaka vimegeuka bati na zege. Mvua ileile sasa inatufikia mbio, tena kwa wingi.

Nilipogusa hilo, mwenyekiti akasema muda umekwisha, kuna soda. Soda!

Wahandisi mliomo humu, niwadai nini kwa maandishi? Zege linamwagwa Jumatatu.